Punda Si Mkaidi, Mwenye Punda Ndiye Mgeni

Wakenya tukichoshwa na kodi tunasema punda amechoka. Tunaupenda sana huo msemo. Kwa mikutano ya siasa utausikia, ndani ya matatu utausikia, mitandaoni ndio usiseme. Leo naomba tuwache punda wa mdomoni kidogo, tuongee juu ya punda mwenyewe, yule wa miguu minne, anayevuta maji hapa Hadado saa saba mchana jua likiwa utosini. Huyo amechoka kweli, na msemaji hana.

Swali langu ni moja. Hizi shida tunazoona kwa punda wetu siku hizi, vidonda vya mabega, kwato zilizopinda kama viatu vya zamani, punda anayeuma watu, punda anayesimama katikati ya barabara akakataa kusonga hata umfanye nini, ni shida za punda? Ama ni za mwenye punda ambaye hajui kazi?

Kwa watu wa farasi huu ni mjadala wa zamani. Kule Uingereza na Marekani mtu ananunua farasi kwa sababu pesa iko na picha aliziona zikampendeza, halafu baada ya miezi michache anaanza kulia kwamba farasi ana tabia mbaya. Wazoefu wanamjibu: hiyo tabia ameipata kwako. Hapa Kenya farasi si wengi, na wengi wao wana watu wao. Farasi wa mbio pale Ngong, Nairobi, ana saisi wa kumlisha na kumsugua, ana fundi wa kwato, ana daktari anayeitwa akikohoa tu. Punda ni ndugu wa damu wa huyo farasi. Hapa kwetu Wajir Magharibi, huyo ndugu anakabidhiwa kijana ambaye juzi hakujua hata kamba inapita wapi.

Kabla hujanirukia, sikia kwanza. Mimi simlaumu huyo kijana. Tunajua alikotoka.

Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wewe uliyekuwa hapa unakumbuka harufu ya barabarani. Familia zilizokuwa na ngamia na ng'ombe zilibaki na mbuzi watano, wengine wakabaki na fimbo tu. Zikasogea karibu na kisima, karibu na shule, karibu na chakula cha msaada. Sasa baba au kijana amefika mjini, hana cheti, hana duka, hana mtaji. Afanye nini? Anaangalia huku na huku anaona kazi moja iliyo wazi: punda mmoja, mkokoteni wa ekseli ya gari kuukuu, na mitungi. Maji yanahitajika kila siku, kuni zinahitajika, mchanga wa ujenzi unahitajika. Bodaboda inataka pesa nyingi na mafuta. Punda hataki mafuta. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mwenye punda kwa siku moja.

Na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu huyu mtu si mgeni wa mifugo. Hiyo ndiyo sehemu ya kushangaza. Amelelewa na mifugo, baba yake na babu yake wafugaji. Kwa hivyo anajiona anajua. Anamchukulia punda kama ngamia mdogo.

Wacha nikuonyeshe hilo kosa linavyofanya kazi. Ngamia, ng'ombe na mbuzi wanacheua. Anaweza kula haraka haraka malishoni, halafu usiku akiwa zizini anarudisha chakula mdomoni na kukitafuna taratibu. Punda hacheui. Tumbo lake limeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, mchana na hata usiku. Sasa kijana anamfanyisha kazi kuanzia alfajiri, jioni anamfunga kwa mti bila kitu, akiamini "alikula asubuhi." Kwa ngamia hesabu hiyo inaweza kupita. Kwa punda ni njaa kila usiku. Ndio unamkuta anatafuna katoni na karatasi za plastiki karibu na soko, halafu tumbo linafunga, halafu mtu anasema punda amerogwa. Na punda akikataa chakula siku moja au mbili, hiyo tayari ni hatari, mafuta yanaingia kwa damu na ini linaanza kuharibika. Kwa mbuzi unaweza kusema tungoje kesho. Kwa punda kesho inaweza kuwa imechelewa.

Ama maji. Ni kweli punda ni mvumilivu wa kiu. Anaweza kupoteza maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado akasimama, halafu akipata maji anayanywa yote kwa dakika chache. Ni mnyama wa jangwa. Lakini kuvumilia si kutohitaji. Punda anayevuta maji ya watu siku nzima huku yeye mwenyewe ana kiu, hiyo ni aibu yetu sisi, na hakuna jina lingine la kuipa.

Halafu kuna hili la ukaidi. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama kama nguzo, anafikiria. Ndivyo alivyoumbwa, kwa sababu babu yake aliishi kwenye mawe na milima ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Akisimama, mzoefu anajiuliza: ameona nini? Mkanda unamkata wapi? Mzigo umeegemea upande gani? Asiye mzoefu anachukua fimbo. Punda anajifunza kwamba akiogopa anapigwa, kwa hivyo kesho anaanza kujitetea mapema, meno na miguu. Kisha sisi tunakaa kivulini tunasema shukrani ya punda ni mateke. Shukrani ya nini hasa? Tumempa nini?

Na mzigo nao. Hesabu yake haihitaji daktari. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20. Pipa la lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu pipa lenyewe, mkokoteni, na kijana aliyekaa juu na rafiki yake. Punda wetu wa kawaida hafikii uzito huo. Kuvuta si sawa na kubeba, magurudumu yanasaidia, sikatai. Barabara ikiwa tambarare na tairi zikiwa na upepo anaweza. Lakini tairi moja likiwa limelegea na njia ni mchanga wa kuzamisha mguu, huo mzigo umekuwa mwingine kabisa. Ukipakia sana mbele, uzito unamlalia shingoni na mgongoni. Ukipakia sana nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na mkanda unamkaba tumboni. Mkokoteni hauna breki, kwa hivyo ukishuka mteremko ni punda ndiye breki. Haya yote mtu anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Nani amefundishwa?

Hivi karibuni nilimuuliza kijana mmoja hapa kijijini kwa nini punda wake amefungwa kifuani kwa kamba nyembamba ya nailoni. Akanijibu, "Walalo, kamba ni kamba." Chini ya hiyo kamba nyama ilikuwa inaonekana. Hakuwa mkatili, naapa. Alikuwa anamwita punda wake jina zuri na alimpa maganda ya tikitimaji aliyokuwa anakula. Hakujua tu kwamba kamba nyembamba inakata kama kisu na mkanda mpana unasukuma kama kiganja. Eedo mmoja aliyekuwa anapita na mitungi yake akasimama, akaikata ile kamba, akakunja gunia mara nne, akalishona na kuliweka kifuani, halafu akapitisha kiganja chake kati ya gunia na ngozi. "Mkono ukipita, punda atapumua," akasema, akaenda zake. Dakika kumi hazikufika.

Na hapa nafika kwa jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Ule ujuzi wa punda haukupotea. Uko hapa hapa. Tatizo ni kwamba uko kwa wanawake, na sisi hatujawahi kwenda kuwauliza.

Kwetu Wasomali wa kuhamahama, ngamia ni jambo la wanaume. Mashairi, mahari, diya, heshima, vyote vilikuwa vya ngamia. Punda alikuwa mikononi mwa kina mama. Hooyo ndiye aliyempakia na kwenda naye kisimani mwendo wa saa nyingi. Siku ya kuhama, ayeeyo ndiye aliyejua namna ya kufunga miti na mikeka ya aqal juu ya mnyama wa mzigo bila kumchubua, na mtoto mdogo juu yake asianguke. Alijua punda mwenye mimba anabebeshwaje, maana anabeba mimba karibu mwaka mzima. Alijua kwamba mwana-punda hafungwi kazini kabla mifupa haijakomaa, kabla ya miaka mitatu au minne. Mvulana aliyejiheshimu alitaka kuonekana nyuma ya ngamia. Punda? Waachie wasichana.

Sasa mji umegeuza mambo. Punda amekuwa biashara, ameanza kuleta pesa, na pesa ilipoingia wanaume tukaingia pia. Tukamchukua mnyama, tukauacha ujuzi wake jikoni. Kwa hivyo ukiniuliza kama wenye punda wasio na uzoefu ndio wanaoleta shida, nitakujibu ndiyo. Lakini usiniambie uzoefu haupatikani. Mwalimu unalala naye nyumba moja.

Najua utasema, hata wazee wana makosa. Kweli kabisa, na sitaki kuwapaka sukari. Kuna mazoea ya zamani ambayo yanaumiza. Punda akichechemea anachomwa kwa chuma cha moto. Wengine wanampasua pua wakidhani atapumua vizuri. Kuchoma hakuponyi mguu, kunaongeza kidonda juu ya maumivu, na kidonda kichafu kwa punda kinaweza kuleta pepopunda. Hebu lisikie hilo neno lenyewe: pepo, punda. Kwa hivyo sisemi kila cha zamani ni dhahabu. Miaka thelathini ya kufanya kosa moja haikufanyi uwe daktari. Nasema aliyeishi na mnyama ana macho ambayo wewe huna, na daktari wa mifugo ana elimu ambayo nyote wawili hamna. Anza kwa hao wawili kabla hujaanza kwa fimbo.

Utasema pia, wewe unaongea kwa sababu umeshiba, shida yetu ni umaskini. Hii hoja naiheshimu. Mtu mwenye watoto sita hawezi kumpumzisha punda ili apongezwe na watu wa Nairobi. Lakini piga hesabu mwenyewe. Gunia la kukunja ni bure. Kulegeza mkanda ni bure. Kumwacha anywe kwanza pale kisimani kabla hujajaza mtungi ni dakika mbili. Punda mwenye kidonda anakulaza nyumbani wiki nzima. Umaskini hauelezi kwa nini punda amefungwa juani wakati kivuli kiko hatua tano.

Na kuna mgeni mmoja mkubwa kuliko wote ambaye hatumtaji. Ni yule mwenye punda watatu, wanne, ambaye hawaoni hata siku moja. Ana duka, au ana mshahara, au yuko mji mwingine kabisa. Anawakodisha kwa vijana, jioni anataka pesa yake kamili. Kijana lazima kwanza atafute pesa ya tajiri, ndipo atafute yake. Kwa hivyo anapakia zaidi, anachapa zaidi, anaenda safari mbili za ziada. Mara nyingine punda yule yule anatumiwa na mtu mmoja asubuhi na mwingine jioni, na hakuna kati yao anayejua kama amekula. Tajiri ataniambia, "Mimi sijampiga punda." Sawa boss. Lakini hesabu yako imempiga.

Kwa upande wa sheria, zipo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda, yote ni makosa. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka ustawi wa wanyama kuwa kazi ya kaunti. Sisemi watu washikwe. Ukimtia ndani kijana wa mkokoteni, watoto wake watalala njaa na punda atauzwa kwa mwingine asiyejua vile vile. Nasema kaunti ina jukumu tayari, haitufanyii hisani.

Tena punda wa kubadilisha hapatikani kirahisi kama zamani. Kenya iliruhusu kuchinja punda kibiashara, vichinjio vinne vikafunguliwa, ngozi zikawa zinapelekwa China kutengeneza dawa ya ejiao. Wizi ukaenea, mtu anaamka asubuhi anakuta ngozi imechunwa na mzoga umeachwa kichakani. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilikuta punda kama milioni 1.8. Ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Hiyo ni habari njema. Lakini mnyama anayezaa mtoto mmoja baada ya karibu mwaka mzima harudi kwa wingi haraka. Uliye naye ndiye uliye naye.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye teksi. The Donkey Sanctuary walifungua kliniki pale mwaka 1987. Punda wanatibiwa, wanapewa dawa ya minyoo, na kuna hata mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri. Fikiria hilo: mtu wa mkokoteni anashinda kwa sababu mnyama wake ananenepa. Hapo kutunza punda kumekuwa sifa. Hapa kwetu sifa ni nani amepakia pipa kubwa zaidi.

Sasa mimi naomba nini? Mambo manne tu, na hakuna hata moja la bajeti ya mabilioni.

Kwanza, wewe unayetaka kununua punda, kabla hujatoa shilingi, tembea wiki mbili na mtu anayejua. Hooyo wako, eedo wako, jirani. Jifunze kufunga, kufungua, kupakia, kuangalia kwato. Bodaboda anatakiwa kuwa na leseni. Wewe unaanza na kiumbe chenye roho bila hata somo moja.

Pili, wewe unayekodisha, weka sharti la mzigo na siku ya kupumzika, na uende ukamwone punda wako kwa macho. Ukiona kidonda, kodi ya siku hiyo isamehe. Bei ya siku moja haifiki bei ya punda.

Tatu, maofisa wa mifugo wa kaunti, mkija kuchanja mbuzi na ngamia hapa Hadado, msipite punda kama vile ni mawe. Saa moja ya somo kando ya kisima, pale mikokoteni inapokusanyika, na mmoja wa akina mama awe mwalimu pamoja nanyi na alipwe.

Nne, sisi wateja. Tunapiga simu, "Maji yako wapi, mbona umechelewa?" Kila tukiharakisha mwenye mkokoteni, fimbo inashuka kwa mgongo ambao hatuuoni. Ngoja dakika kumi. Hautakufa.

Watafiti wa vinasaba walichapisha mwaka 2022 kwamba punda wote wa kufugwa duniani, wa China, wa Hispania, wa Mexico, asili yao ni Afrika, wakafugwa kwanza upande huu wetu wa mashariki kama miaka 7,000 iliyopita. Hadi leo kuna punda-mwitu wa Kisomali, mwenye milia miguuni kama pundamilia, aliyebakia kidogo sana kule Eritrea na Ethiopia. Kama kuna watu duniani ambao hawana kisingizio cha kutomjua punda, ni sisi.

Na ukiona haya yote ni maneno matamu tu, basi fikiria jambo moja la kawaida kabisa. Punda akifa, mzigo haufi naye. Maji bado yatahitajika kesho asubuhi, na kisima hakitasogea. Kijana wa mkokoteni atatafuta kazi nyingine. Mtungi utarudi palepale ulipokuwa kabla ya punda, kwenye mgongo wa hooyo.